Sheria ya Picha Chafu: Tuisome Kabla ya Kusema Amin

(Mazungumzo na vijana wa Hagadera baada ya Asr. Tumeyaandika kwa wale ambao hawakuwahi, na wewe unayesoma kwa simu umo ndani yao.)



Nianze na swali lililonileta. Kijana mmoja wa hapa Hagadera, mwanafunzi wa kidato cha nne, alinitumia ujumbe usiku: "Maalim, nyinyi watu wa haki mbona mnaipiga vita sheria ya kuzima picha chafu? Kwani si haramu? Ama siku hizi haki za binadamu ndizo zinatuhalalishia?" Nikamjibu, swali hilo ni kubwa, halijibiwi kwa kidole gumba, nitakuja. Basi nimekuja. Na yeye amekaa hapa mbele, anachora mchanga na kijiti, hataki kunitazama. Hamna neno, ndugu yangu. Umeuliza swali ambalo wengi wanalo moyoni.

Tuondoe shaka mapema. Hakuna mtu hapa amekuja kutetea uchafu. Tumeamrishwa kuinamisha macho, wanaume na wanawake, na amri hiyo haikuiacha simu nje. Najua pia jinsi simu inavyokuletea kitu ambacho hukukitafuta. Unafungua video ya mpira, inafuata ya mapishi, ya tatu unaifunika na kiganja kwa sababu mama yuko nyuma yako. Na najua wapo ambao jambo hili limewashika kwelikweli: mtu analala saa nane usiku, Fajr inampita, na aibu haimwachi amwambie yeyote. Kwa hiyo anayesema tatizo hili halipo, huyo hajakaa na vijana.

Sasa nikupe kisa. Sisemi bloku, sisemi mwaka, kwa sababu hapa kwetu ukitaja tu rangi ya mlango watu wameshaijua nyumba. Kulikuwa na binti aliyeposwa. Akamtumia mchumba wake picha ambazo hakupaswa kumtumia. Posa ikavunjika, na picha zikatoka. Kufikia jioni ya pili zilikuwa zimefika Eastleigh, na kesho yake jamaa yao aliyeko Marekani akampigia babake simu. Mamake akamshika mkono wakaenda kituo kimoja cha polisi. Pale mezani wakaulizwa: "Kwani nani alimwambia ajipige picha?" Wakarudi nyumbani. Binti akaacha shule.

Nataka mumweke huyo binti akilini muda wote nikizungumza. Kila sheria nitakayoitaja, jiulize: huyu ingemsaidia nini?

Tuanze na sheria ambayo ipo. Tangu 2018 Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Kifungu cha 37 kinasema anayesambaza picha ya siri au ya aibu ya mtu mwingine ametenda kosa: faini isiyozidi shilingi 200,000, au jela isiyozidi miaka miwili, au vyote viwili. Hakiulizi nani alipiga picha. Kinauliza nani amesambaza. Kwa hiyo lile swali la pale mezani halikuwa na msingi wowote katika sheria. Ile kesi ilikuwa kesi, na ilifaa iandikwe siku ileile.

Lakini shika hesabu hii. Katika sheria hiyohiyo, kifungu cha 27, mtu akishtakiwa kwamba ameandika mtandaoni maneno ya kuudhi kupita kiasi yaliyomuathiri mwenzake, faini inafika shilingi milioni 20 au jela miaka 10. Yaani neno la kumuudhi mtu, na huyo mtu mara nyingi ni mkubwa mwenye wakili, milioni 20. Picha ya utupu ya binti yetu, laki mbili. Mara mia moja! Sheria yenyewe imekuonyesha ilikuwa ikimfikiria nani ilipoandikwa.

Hapo ndipo wanasiasa wetu wakaingia. Nasema wetu kwa sababu ni wetu kweli. Mwaka 2021 mbunge wa Garissa Mjini wakati huo, Aden Duale, alipeleka bungeni mswada wa kuifanyia marekebisho sheria hiyo. Ulitaka ponografia yote iwe marufuku mtandaoni, si ya watoto pekee. Ya watoto tayari ilikuwa imekatazwa na kifungu cha 24, faini milioni 20 au miaka 25, na hapo hakuna mzazi atakayebisha. Mswada wa Duale ulichukua adhabu hiyohiyo ukaipaka kwa kila mtu: kutengeneza, kupakua, kusambaza, hata kuwa nayo tu ndani ya simu.

Misikitini watu walifurahi. Na mimi, wallahi, sikuwalaumu. Lakini mkumbuke binti. Alijipiga picha, kwa hiyo "ametengeneza". Picha iko kwenye simu yake, kwa hiyo "anamiliki". Kwa maneno ya mswada ule, afisa aliyemuuliza nani alimwambia ajipige picha angeweza kumwandikia yeye mashtaka. Na wewe uliye katika kundi la WhatsApp la watu 200, simu yako inahifadhi kila video yenyewe hata kabla hujaifungua, ungekuwa unatembea na miaka 25 mfukoni. Mswada ule haukuwa sheria. Alhamdulillahi au la, utajaza mwenyewe.

Kisha ukaja wa pili, na huu ukapita. Aliyeuleta ni mbunge wa Wajir Mashariki, Aden Daudi, na Rais Ruto aliutia saini tarehe 15 Oktoba 2025. Ni ile siku Raila Odinga alifariki, nchi nzima ilikuwa na macho kwingine. Hapa ndipo nawaomba mtulie kidogo, wale walio kwenye simu waache TikTok dakika tano.

Sheria hiyo imeipa Kamati ya Kitaifa ya Kuratibu Masuala ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni uwezo wa kuagiza tovuti au programu ya simu izimwe. Kwa sababu gani? Nitawatajia kwa mpangilio: ikithibitishwa kwamba inaendeleza mambo yaliyo kinyume cha sheria, maudhui ya ngono yanayohusu watoto, ugaidi, au itikadi kali za kidini na madhehebu potovu.

Ebu tuyapime polepole. Maudhui ya ngono ya watoto: zima, zima leo, sina neno. Ugaidi: Garissa hii inajua ugaidi, ilizika. Madhehebu potovu: baada ya Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400 kufukuliwa msituni, hakuna wa kucheka neno hilo. Sasa "itikadi kali za kidini". Ni zipi? Ndevu? Niqabu? Darsa la Kisomali ambalo afisa wa Nairobi haelewi hata salamu yake? Darsa linalokataza riba? Neno hilo halina mipaka, na neno lisilo na mipaka huwekewa mipaka na yule mwenye bunduki.

Na "ikithibitishwa", ithibitishwe mbele ya nani? Tazama wanaokaa katika kamati hiyo: Katibu wa Usalama wa Ndani, Mkuu wa Majeshi, Inspekta Jenerali wa Polisi, mkuu wa ujasusi, Mwanasheria Mkuu, mkurugenzi wa mashtaka, gavana wa Benki Kuu, wakuu wa mawasiliano. Hakuna jaji. Hakuna kadhi, hakuna mwalimu, hakuna mzazi hata mmoja. Yule anayekushuku ndiye anayethibitisha, na ndiye anayezima.

Utaniambia, Maalim unaogopa kivuli. Nikurudishe nyuma basi, miaka ambayo baadhi yenu mlikuwa duksi mkiandika kwenye loho.

Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilichapisha katika gazeti lake rasmi majina ya watu na mashirika zaidi ya 80 ikisema yanashukiwa kuhusika na ugaidi. Ndani ya orodha zilikuwemo MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa. Kosa lao kubwa ilikuwa kuhesabu vijana Waislamu waliopotezwa na kuuawa, na kusema kwa sauti. Akaunti zao za benki zikafungwa. Wakati huohuo kampuni 13 za hawala zikasimamishwa. Sihitaji kuieleza Hagadera maana ya hawala kufungwa. Waulizeni mama zenu miezi ile waliishi kwa deni la duka gani. Juni hawala zikafunguliwa. Mashirika yale mawili yalilazimika kwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na ilikuwa Novemba 2015 ndipo mahakama ikaamuru akaunti zifunguliwe. Ilikuja kuonekana kwamba majina yaliandikwa kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye, na haukupatikana.

Mwaka uliofuata, Mei 2016, serikali ikatangaza kwamba kambi zote za Dadaab zitafungwa. Hagadera, Ifo, Dagahaley, zote. Sababu: usalama. Neno moja. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo akasema uamuzi huo ni kinyume cha Katiba. Mahali hapa tulipokaa, huu mchanga ambao ndugu yangu anauchora, upo kwa sababu kulikuwa na mlango wa mahakama na watu wakaubisha. Sasa unaniambia nishangilie sheria ambayo kwenye kuzima tovuti mlango huo umerukwa? Siwezi.

Kuna kisa mashuhuri kinachosimuliwa kuhusu Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Usiku akizunguka Madina akasikia sauti nyumbani kwa mtu, akapanda ukuta, akamkuta yumo katika maasi. Yule mtu akamjibu: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu. Umepeleleza, hukupitia mlangoni, na umeingia bila idhini wala salamu. Na Umar, mwenye dola mkononi, akamwacha. Sikizeni vizuri, kisa hicho hakikufanya maasi kuwa halali. Kinahusu namna ya kuingia. Sheria inayotaka kutusafishia simu inapaswa kubisha hodi kwanza, na mlango wake ni mahakama.

Halafu tutazame majirani, maana wao wametangulia. Uganda walipitisha sheria ya kupinga ponografia mwaka 2014, ikaelezwa kwa maneno mapana mno. Watu wakaiita sheria ya sketi fupi. Polisi hawakuwa wamefika popote, makundi ya wanaume mitaani yakaanza kuwavua wanawake nguo hadharani, ati wanatekeleza maadili. Sheria ya kusitiri ikawa sababu ya kuvua! Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vyake vikuu Agosti 2021, miaka saba baadaye.

Tanzania, Mei 2025, mtandao wa X ulizimwa. Waziri Jerry Silaa alieleza kwamba X inaruhusu picha za ngono, kinyume cha sheria na maadili yao. Ni kweli X inaruhusu, hilo hakusema uongo. Lakini X ilizimwa siku zilezile ambapo akaunti ya polisi wa Tanzania ilikuwa imedukuliwa, na siku zilezile Boniface Mwangi na Agather Atuhaire walikuwa mikononi mwa maafisa Dar es Salaam. Oktoba wakaingia kwenye uchaguzi X ikiwa bado imezimwa, na siku ya kupiga kura, tarehe 29, intaneti yote ikakatwa. Siku hiyo hakuna aliyetaja picha za ngono.

Na Somalia, ambako wengi wenu mna nyanya na shangazi, Agosti 2023 serikali ilitangaza kupiga marufuku TikTok na Telegram kwa ajili ya magaidi na maudhui machafu. Mnajua wenyewe binamu zenu wa Mogadishu wanapost wapi. Sina haja ya kuendelea.

Hata hapa Kenya sheria hii imeshaonyesha meno yake, na hayakuuma ponografia. Mwaka 2025 Rose Njeri alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria hiyo ya 2018 kwa kutengeneza ukurasa wa kuwasaidia wananchi kutuma barua pepe bungeni kuhusu Mswada wa Fedha. Wiki moja baada ya hapo mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi kwenye X kuhusu afisa mkubwa wa polisi, na kabla ya siku mbili kwisha alikuwa maiti mikononi mwa polisi Nairobi. Ndiyo maana tarehe 22 Oktoba 2025 mwimbaji Reuben Kigame na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, walipokwenda kortini, Jaji Lawrence Mugambi alisimamisha sehemu za kifungu cha 27 zilizofanyiwa marekebisho kwanza kesi isikizwe. Kigame ni Mkristo, mwimbaji wa injili, na haoni. Aliisoma sheria kabla yetu sisi wenye macho.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa upande wetu hawalitazami, nalo ni umri. Dunia inaelekea huko: Uingereza tangu Julai 2025 tovuti za ngono lazima zithibitishe umri wa mtu, kwa uso au kwa kitambulisho. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya nayo Aprili 2025 ilitoa mwongozo unaoyataka makampuni yaweke utaratibu wa kuthibitisha umri ili kuwalinda watoto. Wazo si baya. Kumkinga mtoto wa miaka tisa ni bora kuliko kumfunga wa miaka ishirini. Ila huku kwetu kitambulisho ni hadithi ndefu. Wapo Wakenya kamili wa Garissa ambao wazazi wao waliwaandikisha kambini wakati wa njaa wapate mgao, alama zao za vidole zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi, na wakifika miaka 18 wanaambiwa nyinyi si Wakenya. Jambo hilo limefika hadi Mahakama Kuu ya Garissa. Sasa mtandao ukianza kuomba kitambulisho kila mlango, atakayebaki nje ni mwenye nia mbaya, au ni dada aliye na kadi ya mkimbizi anayetaka kufungua somo la biolojia? Mwenye nia mbaya ana VPN. Mnajua kuitumia kuliko mimi.

Basi tunataka nini? Msiseme Maalim amekuja kubomoa tu.

Tunataka kifungu cha 37 kipewe uzito, na meza ya polisi ijue kwamba kipo. Tunataka picha ya binti iondolewe kwa saa, si kwa miezi, na hilo linahitaji makampuni yaweke watu wanaoelewa Kisomali na Kiswahili. Kazi ya kuchuja uchafu wa Facebook kwa nchi nyingi za Afrika ilikuwa ikifanywa Nairobi, na wafanyakazi hao, zaidi ya 180, walienda kortini mwaka 2023 kulalamikia walivyotendewa. Watu wanaoangalia maovu kutwa nzima ili wewe usiyaone wanalipwa kidogo, halafu mbunge anakuambia dawa ni kufunga tovuti. Tunataka kila agizo la kuzima lipite kwa jaji, mwenye tovuti asikizwe, na neno "itikadi kali za kidini" lielezwe au liondolewe. Hilo la mwisho tuwaambie wabunge wetu wenyewe, usoni, wakija kwenye harusi zetu. Mswada ukija na jina la kusafisha maadili, usiutie amin kabla hujafika ukurasa wa mwisho.

Na sisi je? Picha za yule binti hazikusambazwa na Google. Zilitoka simu hii kwenda simu ile, za watu wanaoswali. Mmoja aliituma akaandika chini yake "astaghfirullah, tazameni wasichana wa siku hizi". Ameituma! Kumsitiri Muislamu mwenzako tumeacha, tunangoja serikali itusitirie. Kama bado iko kwenye simu yako, na najua kwenye simu zingine hapa bado iko, ifute sasa hivi, mimi nitatazama pembeni.

Anayesumbuliwa kwa picha, anayetishwa kwamba zitatolewa, usilipe pesa wala usifute ujumbe wa vitisho. Weka picha ya skrini yenye namba na tarehe, kisha mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Dada zetu wawili watakaa upande wa akina mama Jumamosi baada ya Dhuhr, mlango umefungwa, jina haliandikwi. Wale ambao jambo limewashika usiku na wanataka kuacha, mimi nitakuwa chini ya ule mti baada ya Isha, mje mmojammoja, hakuna atakayejua mmekuja kuuliza nini. Nakala ya sheria nimeleta tatu tu, karatasi ni ghali. Nimemwachia ndugu yangu wa kidato cha nne. Yeye ndiye aliyeuliza, yeye ndiye atakayewasomea kifungu cha 27 na cha 37 juma lijalo, na mimi nitakaa chini nisikize.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.